Msumeno wa Meza Katika Karakana ya Pamoja: Dalili za Hitilafu, Vyanzo Vyake na Wakati wa Kumwita Fundi

Katika karakana nyingi za useremala, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi Gikomba jijini Nairobi, msumeno mmoja wa meza hutumiwa na mafundi wengi. Huyu amekuja kupasua mbao za kitanda, yule anakata fremu za milango, na jioni mwanafunzi anapasua vipande vya kujifunzia. Mashine inayotumiwa hivyo haibaki katika hali moja. Unapoikuta asubuhi, huenda diski imebadilishwa, kinga inayoifunika diski imefunguliwa ili kupitisha ubao mnene, au fensi, yaani ule ukingo wa kuongozea ubao sambamba na diski, imegongwa ikakaa upogo bila aliyeigonga kutambua. Ndiyo maana malalamiko mengi kwamba "mashine imeharibika" huishia kwenye mpangilio ulioachwa na aliyetangulia, na ndiyo maana katika kila dalili iliyoelezwa hapa swali la kwanza ni lile lile: ni kitu gani kimebadilishwa tangu mashine ilipofanya kazi vizuri mara ya mwisho?

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa plagi. Mashine iliyounganishwa moja kwa moja na swichi kuu haina plagi ya kuchomoa, kwa hiyo zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeweka mikono karibu na diski. Mwenzako anayehitaji mashine ya kuranda iliyo kwenye laini hiyo hiyo anaweza kuwasha swichi bila kujua kwamba wewe umeinama kwenye msumeno. Kumwarifu kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu anaweza kuja mwingine ambaye hakuarifiwa.

Subiri diski isimame kabisa. Diski ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupeleka meno yake kwa kasi ya takriban mita 53 kwa sekunde, na huendelea kuzunguka kwa muda baada ya mashine kuzimwa. Usiisimamishe kwa kuibana ubavuni na kipande cha mbao, maana unaweza kuipinda au kung'oa meno yake ya kabaidi, ile metali ngumu iliyochomelewa kwenye ncha. Ikishasimama, angalia ni diski ya aina gani, kama nati yake imekazwa, imeinuliwa kiasi gani, kama kinga ipo, na fensi imefungwa wapi.

Glavu zivuliwe kabla ya kuwasha mashine. Wapo wanaoamini kwamba glavu humlinda mpasuaji, ilhali jino likishika uzi wa glavu huuvuta mkono mzima kabla mwenye mkono hajajua kilichotokea. Mikono mirefu ya shati, bangili, lemba linaloning'inia na kitambulisho cha shingoni viondolewe kwa sababu hiyo hiyo. Miwani ya kinga na vizibo vya masikio vivaliwe.

Dalili: mashine inarusha mbao

Hii ndiyo dalili ya kuogopwa kuliko zote, na inastahili maelezo marefu. Meno ya mbele ya diski hushuka na kuukandamiza ubao mezani. Meno ya nyuma hupanda yakija upande wa fundi. Ubao ukibanwa na meno hayo ya nyuma, huinuliwa na kurushwa kumrudia aliyekuwa akiusukuma, na mkono wake huweza kuvutwa juu ya diski katika tukio hilo hilo. Kwa hiyo ubao ulioshtuka kidogo tu, hata kama haukumgusa mtu, uhesabiwe kuwa onyo kamili, na kazi isimame mpaka chanzo kijulikane.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kukosekana kwa kisu cha nyuma, yaani lile bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski ndani ya mwanya wa mkato na kuzuia pande mbili za ubao zisijifunge. Mara nyingi mtu alikiondoa kwa kazi moja na hakukirudisha, na mashine nyingi zilizoundwa hapa kwa vyuma vya kuchomelea hazikuwahi kuwa nacho. Kikiwepo, hakikisha kiko kwenye mstari mmoja na diski, umbali wa milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno, na kwamba unene wake ni mdogo kuliko mwanya wa mkato lakini ni mkubwa kuliko mwili wa diski. Mashine isiyo nacho iundiwe na fundi wa kuchomelea anayeielewa, nami naona fedha hiyo inapaswa kutoka kwenye mfuko wa karakana nzima badala ya kumsubiri mmoja ajitolee.

Chanzo cha pili ni fensi iliyosogea karibu zaidi na diski upande wa nyuma kuliko upande wa mbele. Umeme ukiwa umekatwa, weka alama ya chaki kwenye jino moja, lilete mbele, pima umbali wake hadi kwenye fensi, kisha zungusha diski kwa mkono ulilete jino hilo hilo nyuma na upime tena. Vipimo viwe sawa. Vikitofautiana hata kwa nusu milimita tu, cha nyuma kiwe ndicho kikubwa. Cha nyuma kikiwa kidogo, usipasue hata ubao mmoja.

Chanzo cha tatu kimo kwenye mbao zenyewe. Misonobari na mikaratusi inayotoka Sao Hill na maeneo mengine ya Mufindi hufika sokoni mara nyingi ikiwa bado mbichi, na ubao mbichi hujifunga nyuma ya diski mara tu unapofunguliwa, kwa sababu mvutano uliokuwa ndani yake umeachiliwa. Ubao uliopinda au uliojikunja nao hucheza mezani na kubadili pembe katikati ya mkato. Upande unaogusa meza na ule unaogusa fensi unyooshwe kwanza kwa randa. Usipoweza kunyoosheka, ubao huo ukatwe vipande vifupi kwa msumeno wa mkono. Ukiona mwanya umeanza kujifunga, usiurudishe ubao nyuma. Ushikilie palepale, zima mashine kwa goti ikiwa swichi iko mbele au mwambie msaidizi aizime, subiri diski isimame, kisha gongea kabari ya mbao kwenye mwanya kabla ya kuendelea.

Chanzo cha nne ni namna ya kufanya kazi. Kupasua kunahitaji fensi. Kukata kwa mkingamo kunahitaji geji ya pembe, ile inayoteleza mezani ikiushikilia ubao kwa pembe iliyopangwa. Vikitumika vyote viwili kwa pamoja, kipande kinachokatwa hubaki kimenaswa kati ya fensi na diski, na kitarushwa. Kusukuma ubao kwa mikono mitupu bila kimoja kati ya hivyo ni hatari zaidi. Diski isizidi juu ya ubao kwa zaidi ya urefu wa jino moja hivi. Mkono ukibakiwa na nafasi ndogo kuliko sentimita 15 kutoka kwenye diski, tumia kijiti cha kusukumia, nacho kiwe kimefungwa kwa kamba mashineni ili asiyekijua akikute. Simama pembeni mwa mstari wa diski, wala asipite mtu nyuma yako kwenye mstari huo.

Kuna pia suala la msaidizi anayepokea ubao upande wa pili. Kazi yake ni kubeba uzito ubao usishuke. Hapaswi kuvuta, kwa sababu anapovuta huvuta pamoja na mikono ya mwenzake, na hapaswi kuinua, kwa sababu ubao ulioinuliwa nyuma hupandwa na meno. Katika karakana ya pamoja msaidizi huyo mara nyingi ni mtu aliyeitwa tu kutoka benchi la jirani, hivyo apewe maelezo kabla mashine haijawashwa.

Ikiwa vyote hivi viko sawa na mashine bado inashtua mbao, huenda shafti, yaani mhimili unaoizungusha diski, imepinda au meza imetoka kwenye mstari wake. Hapo simama na umwite fundi wa mashine.

Dalili: mbao zinaungua kingoni, au zinasukumika kwa nguvu nyingi

Anza na diski. Mbao za msonobari huacha utomvu mweusi ubavuni mwa meno, na diski chafu hufanana kabisa na diski butu. Ifungue, iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, isugue kwa brashi ya nailoni, ikaushe. Usiisafishe kwa petroli karibu na vumbi la mbao na mota yenye cheche. Ikiwa baada ya kusafishwa bado inaunguza, angalia meno kwa mwanga wa kutosha: ncha inayong'aa kama mstari mweupe imekwisha makali. Diski ya kabaidi hainoleki kwa tupa. Ipelekwe kwa mnoaji mwenye mashine ya almasi. Jino likiwa limeng'oka au mwili wa diski una ufa, hata mdogo kiasi gani, diski hiyo ivunjwe isije ikarudishwa na mtu mwingine kesho.

Kisha angalia kama diski inalingana na kazi. Ya kupasulia huwa na meno machache, 24 hivi kwa inchi 10, yenye nafasi pana za kutolea machujo. Ya kukatia huwa na meno 60 hadi 80. Ukipasua mninga kwa diski ya meno 80, ubao utaungua hata kama makali ni mapya. Katika mashine inayotumiwa na wengi, kosa hili ndilo la kila siku, kwa sababu anayekuja kupasua hukuta diski ya aliyekuwa akikata.

Mvule una tabia yake. Ndani ya baadhi ya magogo yake huwemo mawe ya chokaa yaliyojijenga mti ukiwa hai, na jiwe moja huweza kumaliza makali ya diski katika mkato mmoja. Mbao za paleti na za majengo yaliyobomolewa nazo huficha misumari. Zipitishie sumaku na uzikwangue uso kabla ya kuzileta mezani.

Sababu nyingine ni kusukuma polepole mno na fensi inayobana. Kama makali, aina na fensi ni sawa, kagua mkanda: ukilegea, diski hupoteza kasi huku mota ikiendelea kuunguruma kama kawaida, na utasikia harufu ya mpira ulioungua.

Dalili: mota inanguruma bila kuzunguka, au mashine inazima katikati ya ubao

Zima mara moja. Mota inayonguruma bila kuzunguka hupata moto haraka na koili zake huungua. Umeme ukiwa umekatwa, zungusha diski kwa mkono, ukiangalia kama kipande cha mbao kimekwama chini ya meza. Mara nyingi hicho ndicho chanzo chote. Kama inazunguka kwa ulaini, shuku umeme unaoingia. Waya wa ekstensheni mwembamba na mrefu, au uliobaki umeviringishwa kwenye kibiringo chake, hupunguza volti na kupata moto. Kwa mota ya nguvu farasi 2, yaani kilowati 1.5, tumia waya wa milimita mraba 2.5, ufunguliwe wote. Mota ya nguvu farasi 3 inaweza kuvuta zaidi ya amperi 13, kwa hiyo haifai kulishwa na plagi ya kawaida ya amperi 13; iwekewe laini yake. Jioni, mtaa mzima unapotumia umeme, volti hushuka na mashine iliyofanya kazi vizuri asubuhi huanza kuzima. Ahirisha kupasua mbao nene mpaka umeme utulie.

Sakiti breka ikikata, irudishe mara moja tu baada ya mota kupoa. Ikikata tena, kuna sababu, na kuweka breka kubwa zaidi au kufunga waya kwenye fyuzi ni kuiondolea karakana kinga yake dhidi ya moto.

Kwa mota ya fezi moja, kapasita iliyokufa, yaani kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, huleta dalili hii hasa: mota hunguruma, na ikisukumwa kidogo huanza kuzunguka. Usiisukume. Kapasita huhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa na inaweza kukupiga vibaya, hivyo kubadilishwa kwake ni kazi ya fundi umeme. Kwa mota ya fezi tatu, ngurumo ya namna hiyo huashiria kwamba fezi moja imekatika. Nayo ni kazi ya fundi umeme. Harufu ya vanishi iliyoungua ikitoka kwenye mota, apewe fundi wa kusuka mota.

Dalili: mashine inawaka yenyewe umeme unaporudi

Umeme ukikatika, mafundi huondoka mezani, swichi ikabaki imewashwa, na mtu akaja kufagia machujo chini ya diski. Umeme unaporudi, diski inaanza. Chanzo ni swichi ya kawaida ya ukutani iliyofungwa mahali palipostahili swichi ya sumaku, ile inayojiachia yenyewe umeme ukikatika na kungoja kubonyezwa upya. Mpaka swichi hiyo ifungwe na fundi umeme, kila umeme unapokatika aliye kwenye mashine azime swichi na kuchomoa plagi kabla hajafanya jambo jingine lolote. Mimi siihesabu mashine isiyo na swichi hiyo kuwa mashine ya watu wengi, hata kama inakata vizuri namna gani.

Dalili: diski inazunguka kinyume

Hutokea kwa mota za fezi tatu baada ya matengenezo ya laini, fezi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi. Nati inaweza kulegea yenyewe na diski ikatoka. Baada ya kazi yoyote ya umeme, washa na kuzima upesi bila ubao, ukiwa umesimama pembeni, utazame mwelekeo. Kama ni kinyume, fundi umeme hubadilisha nyaya mbili. Kama mzunguko ni sahihi lakini meno yanatazama nyuma, basi aliyetangulia alifunga diski kwa kuigeuza.

Dalili: mtetemo na sauti mpya

Angalia kwanza kama miguu ya meza imekaa sawa sakafuni, kisha nati ya diski, kisha machujo yaliyonaswa kati ya diski na kikombe chake (kile kipande cha duara kinachoibana kwenye shafti), machujo ambayo hata yakiwa membamba kama karatasi huifanya diski iyumbe. Halafu kagua tundu la diski: diski ya tundu la milimita 30 iliyofungwa kwenye shafti nyembamba bila ringi yake haiwezi kukaa katikati. Mwishoni tikisa shafti kwa mkono; ikicheza juu na chini, beringi zimekwisha, na mashine isitumike mpaka zibadilishwe.

Kwa mashine zilizoundwa mtaani kuna swali la puli, yaani magurudumu yanayopitiwa na mkanda. Mota ya mizunguko 2,900 yenye puli iliyo kubwa mara mbili ya puli ya shafti huizungusha diski mara 5,800 kwa dakika. Linganisha hesabu hiyo na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye diski, na ikikizidi, badilisha puli. Diski inayozidishiwa kasi inaweza kutupa meno.

Dalili: mkato hauko mraba

Pima diski na meza kwa skweya, kwani mara nyingi mtu aliilaza diski kwa kazi ya pembe akasahau kuirudisha. Kisha pima geji, kisha fensi kama ilivyoelezwa juu.

Dalili: meza inasisimua mkono

Hapa hakuna la kujaribu mwenyewe. Usiguse mashine tena, zima swichi kuu, na umwite fundi umeme mwenye leseni. Ama waya umechubuka ukagusa chuma, ama waya wa ardhi haupo, au yote mawili. Kuvaa ndala na kuendelea na kazi kumeshaua watu.

Dalili: watu wanakohoa na macho yanawasha

Vumbi la mvule na mkongo huwasha pua, macho na ngozi za watu wengi, na mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliainisha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Safisha njia ya machujo chini ya meza, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na usipulize machujo kwa hewa ya kompresa, kwa sababu hiyo hulirudisha vumbi puani mwa kila mtu. Anayebanwa kifua akiwa kazini na kupata nafuu siku za mapumziko amwone daktari na amtajie mbao anazopasua.

Mtu akikatwa

Zima mashine, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, mpeleke hospitali. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe.

Mashine ikishasimamishwa

Weka kadi kwenye swichi yenye tarehe, dalili na jina la aliyeisimamisha, na kadi hiyo iondolewe na fundi aliyeitengeneza au msimamizi wa karakana pekee. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania na ile ya mwaka 2007 nchini Kenya zote zinataka sehemu hatari za mashine zikingwe, kwa hiyo msimamizi anayekataa kurudisha kinga hana hoja ya kusimamia. Fundi atakapofika, mweleze dalili ilianza lini, ilitokea kwenye ubao gani, diski gani ilikuwa imefungwa, volti zilikuwa ngapi kama zilipimwa, na ni nani aliyebadilisha kitu chochote kabla yake, hata kama ni kukaza nati moja tu.